Kusoma Mstari wa Maji: Mwongozo Kamili wa Kuunda Karatasi kwenye Waya wa Mashine

Chukua karatasi 10 za A4, zile za kawaida za kupigia kopi. Zichanechane, ziloweke usiku kucha, zisage kwenye blenda, kisha mimina rojo hilo kwenye ndoo na uongeze maji hadi lita 10. Ulichonacho sasa kinakaribiana sana na kile kinachomwagwa kwenye waya wa mashine ya karatasi, yaani wavu wake unaozunguka: gramu 50 za nyuzi ndani ya lita 10 za maji, yaani asilimia 0.5. Tumbukiza mkono na utadhani ni maji yaliyooshewa mchele.

Kazi ya mashine, ukiiondolea makelele yake yote, ni kuyatoa maji hayo huku nyuzi zikibaki zimetandazwa sawasawa. Kila karatasi moja ya A4 huanza safari yake ikiwa na karibu lita nzima ya maji, na sehemu kubwa ya lita hiyo hutoka ndani ya sekunde mbili au tatu. Mita chache za mwanzo ndizo zinazoamua kama karatasi itakuwa safi au ya mawingumawingu. Ikiharibika hapo, presi (rola za kukamua maji) na madramu ya mvuke vitaishia kulikausha kosa lilelile.

Nimeandika kwa ajili ya fundi mpya wa zamu, mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, na mtu wa matengenezo anayeitwa usiku kwamba "waya unasumbua" bila kuambiwa unasumbua vipi. Mfano wangu, mwanzo hadi mwisho, ni mashine ya waya bapa yenye upana wa mita 3, inayokwenda mita 300 kwa dakika na kutoa karatasi ya kuandikia ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Si mashine kubwa. Ila kwa kasi hii jicho bado linaona kinachotokea, na hilo ni jambo la thamani kwa anayejifunza.

Kwanza, ujue unatazama nini

Mashine hii ilianza kwa Mfaransa Nicolas-Louis Robert, aliyepata hataza yake mwaka 1799. Kabla yake karatasi ilitengenezwa moja moja: mtu anachota rojo kwa fremu yenye wavu, anaitikisa kushoto na kulia, mbele na nyuma, maji yanachuja, mkeka wa nyuzi unabaki. Robert aliunganisha ncha za wavu ukawa mzunguko usio na mwisho. Ndugu wawili wa London, Henry na Sealy Fourdrinier, waliligharimia wazo hilo, fundi Bryan Donkin akaliboresha, na mwaka 1803 mashine ikawa inafanya kazi Frogmore, Hertfordshire. Fedha ziliwaishia wakafilisika. Jina lao limebaki kwenye mashine hadi leo.

Ukianzia nyuma, rojo zito hutoka kwenye tangi la mashine, huchanganywa na maji meupe (yale yaliyokwisha kuchujwa kwenye waya, yenye weupe wa nyuzi laini na chokaa inayotiwa kwenye rojo), husukumwa na pampu kuu kupitia visafishaji na machekecheo, huingia kwenye hedboksi, yaani sanduku la kulisambaza rojo, kisha hutoka kwa mdomo mwembamba unaoenea upana wote wa mashine. Hapo linatua kwenye waya. Chini ya waya kuna ubao wa kuundia, halafu foili, ambazo ni mapande bapa yenye mteremko mdogo upande wa nyuma, halafu masanduku ya vakyumu yanayofyonza maji, na mwisho rola ya kuchi. Jina hilo limetokana na neno la Kifaransa la kulaza, na kochi la sebuleni kwako ni ndugu yake. Vijana wengi wakilisikia mara ya kwanza hucheka.

Waya wenyewe siku hizi ni plastiki iliyofumwa. Shaba imeondoka, jina limebaki.

Hatua ya 1: Zijue nyuzi kabla ya kugusa mashine

Wanaoanza kwa kufungua valvu huwa wanarudi hapa baadaye, wakiwa wamechoka. Uliza maswali matatu.

Nyuzi ni za mti gani? Paini, kama inayopandwa Sao Hill na kwenda kiwanda cha Mgololo huko Mufindi, ina nyuzi zinazofika milimita 3 hivi. Mkaratusi una nyuzi zisizofika hata milimita 1. Nyuzi ndefu hutoa karatasi ngumu ya mifuko, lakini husokotana kama nywele zisizochanwa. Mwelekeo wa kusokotana huongezeka kwa mraba wa urefu: uzi ukirefuka mara mbili huku unene na wingi wake majini vikibaki vilevile, hatari ya madonge huongezeka mara nne. Ndiyo maana rojo la paini huhitaji maji mengi zaidi kwenye hedboksi kuliko la mkaratusi. Karatasi taka, ambayo ndiyo mali ghafi ya viwanda vingi vya mijini kwetu, ni mchanganyiko wa kila kitu, na umejaa nyuzi zilizokwisha kukatikakatika.

Zimesagwa kiasi gani? Kusaga hukwaruza na kulainisha nyuzi zipate kushikana. Kila unaposaga zaidi, karatasi inakuwa imara zaidi na maji yanatoka polepole zaidi. Maabara hupima hili kwa kipimo cha Schopper-Riegler: gramu 2 za nyuzi kavu katika lita 1 ya maji huachwa zichujike, na namba ikiwa kubwa maana yake rojo linashikilia maji. Kipimo cha Kanada hutumia gramu 3 kwa lita, na namba zake huenda kinyume: kubwa ni rojo linaloachia maji upesi. Nimeona zamu mbili zikibishana nusu saa kumbe kila moja inasoma kipimo chake.

Maji yana joto gani? Swali hili husahaulika sana. Maji ya nyuzijoto 50 yana unato wa karibu nusu ya yale ya nyuzijoto 20. Asubuhi ya baridi nyanda za juu, mashine ikiwashwa baada ya kulala, mstari wa maji (pale mng'ao wa maji unapoishia juu ya waya) husogea mbele na watu wakaanza kulaumu rifaina, mashine ya kusagia nyuzi. Subiri maji yapate moto kwanza.

Hatua ya 2: Fanya hesabu kwa kalamu

Kompyuta ya chumba cha udhibiti itakupa namba. Zifanyie hesabu wewe mwenyewe angalau mara moja, ndipo utajua inapokudanganya.

Karatasi yetu ya gramu 80 ikimaliza kukauka ina unyevu wa asilimia 6 hivi, kwa hiyo nyuzi na chokaa kavu ni gramu 75.2 kwa kila mita ya mraba. Si kila kinachotoka mdomoni hubaki juu ya waya. Tuseme asilimia 80 inabaki: basi mdomo unapaswa kutoa gramu 94. Ikiwa rojo la hedboksi lina gramu 6 kwa lita, unahitaji lita 15.7 kwa kila mita ya mraba. Mashine yetu hufunika mita za mraba 900 kwa dakika, kwa hiyo pampu kuu inasukuma zaidi kidogo ya lita 14,000 kila dakika.

Hizo lita 15.7 kwa mita ya mraba zina maana nyingine: ni tabaka la maji lenye unene wa milimita 15.7 juu ya waya. Mdomo wenyewe huwa wazi zaidi ya hapo, kwa sababu maji yakitoka hubanana.

Sasa fuata maji yanavyopungua. Kwenye rola ya kuchi mkeka una ukavu wa asilimia 20, kwa hiyo umebaki na gramu 301 tu za maji kwa mita ya mraba. Waya umetoa asilimia 98. Presi ikiufikisha ukavu wa asilimia 42, yanabaki gramu 104. Madramu ya mvuke hutoa gramu 99 za mwisho. Kwa karatasi moja ya A4: waya umetoa karibu lita nzima, presi imetoa pungufu kidogo ya kijiko kikubwa, mvuke umetoa kijiko cha chai kimoja na kidogo. Na bili ya nishati inaliwa zaidi na hicho kijiko cha chai. Presi ikifika asilimia 43 badala ya 42, maji ya kukausha hupungua kwa zaidi ya asilimia 4. Bosi akikuuliza kwa nini unahangaika na foili, mwonyeshe hesabu hiyo.

Hatua ya 3: Tuliza rojo kabla halijafika mdomoni

Hapa nitapita haraka. Visafishaji vya kimbunga hutupa mchanga na vyuma, machekecheo huzuia mafungu, na vyote viwili ukivisahau vitajikumbusha kwa matundu kwenye karatasi. Adui mkubwa ni hewa. Viputo hujishika kwenye nyuzi, huziba njia ya maji, na hupasuka juu ya waya vikiacha vitundu kama vya sindano. Hakikisha mabomba ya maji meupe yanarudi chini ya uso wa maji kwenye shimo lililo chini ya waya, yasianguke kutoka juu kama maporomoko.

Na jambo moja kwa wanaotumia karatasi taka: karatasi nyingi nyeupe za siku hizi zina chokaa ndani. Ukiitia kwenye mfumo wa asidi unaotumia alumu, chokaa inayeyuka na kutoa gesi ya kaboni dioksidi, na povu litapanda hadi lifurike. Dawa ya kuua povu itakusaidia kwa saa moja. Dawa ya kweli ni kuamua mfumo wako ni wa asidi au si wa asidi.

Hatua ya 4: Mdomo na kasi ya maji

Kasi ya maji yanayotoka hutegemea presha ya hedboksi. Kanuni ni ileile ya tangi lenye tundu: mraba wa kasi ugawanywe kwa mara mbili ya mvutano wa dunia. Waya wetu unakwenda mita 5 kwa sekunde. Mraba wake ni 25. Gawanya kwa 19.62, unapata kimo cha maji cha mita 1.27. Hiyo ndiyo presha inayofanya maji na waya viende sambamba. Ukiongeza kasi ya mashine mara mbili, kimo kinatakiwa kuwa mara nne, mita 5.1.

Je, viende sambamba kabisa? Mara nyingi hapana. Vikilingana, nyuzi hutua zilivyo, na madonge hutua kama madonge. Tofauti ya asilimia 1 hadi 3, maji yakitangulia au waya ukitangulia, hukwaruza rojo na kuyachana madonge. Lakini tofauti hiyo pia huzilaza nyuzi kufuata mwendo wa mashine. Karatasi inakuwa na nguvu upande mmoja na kuchanika kirahisi upande mwingine, na ikipigwa joto kwenye mashine ya kopi inajikunja. Karatasi ya mifuko ya saruji inataka nguvu pande zote mbili, kwa hiyo usiifuate tabia ya karatasi ya kuandikia. Badilisha kidogo, nusu asilimia kwa wakati mmoja, kisha subiri sampuli.

Angalia pia maji yanatua wapi. Yanapaswa kugusa waya mwanzoni mwa ubao wa kuundia, kwa pembe ndogo. Yakitua kabla ya ubao, yanapenya wayani kwa nguvu na kuburuta hewa. Yakitua mbali sana, uso unarukaruka. Inama utazame kutoka pembeni, huku mikono ikiwa mfukoni.

Hatua ya 5: Ubao na foili, au jinsi ya kutokuwa na haraka

Hapa ndipo nataka ukae nami.

Matundu ya waya ni makubwa kuliko chembe za chokaa na vipande vya nyuzi. Mwanzoni kabisa vitu hivyo hupita na maji kwenda shimoni. Nyuzi chache za mwanzo zikilala juu ya matundu, zinaanza kuzuia nyingine, na tangu hapo mkeka wenyewe ndio unaochuja. Waya unaubeba tu. Kwa hiyo ubora wa uchujaji wote unategemea mkeka wa mwanzo umelala vipi.

Ukiuvuta kwa nguvu mapema, tabaka la chini linagandamizwa, vipande vidogo vinajaza nafasi zote, na mlango unafungwa. Maji yaliyo juu hayana pa kupita.

Nilijifunza hili vibaya. Nilikuwa mgeni kwenye kiwanda kimoja, zamu ya usiku, na mkeka ulikuwa unafika kuchi ukiwa umelowa na kukatika kila baada ya dakika kumi. Nikaongeza vakyumu. Ukalowa zaidi. Nikaongeza tena. Mzee wa zamu alikuja, akatazama mstari wa maji bila kusema kitu, akaenda kwenye foili za kwanza na kupunguza mteremko wake. Ndani ya robo saa mstari ulirudi nyuma karibu mita moja. "Kijana," aliniambia, "unamkaba mtu koo halafu unashangaa hapumui."

Foili hufanya kazi hivi. Ncha yake ya mbele hukwangua maji yanayoning'inia chini ya waya. Nyuma ya ncha, uso wake unateremka digrii chache tu, na waya unapokimbia juu ya pengo hilo linalopanuka, panazaliwa mvuto unaoshusha maji. Mvuto huo huongezeka kwa mraba wa kasi. Mashine ikitoka mita 300 hadi 360 kwa dakika, foili ileile, bila kuguswa, inavuta kwa asilimia 44 zaidi. Ndiyo sababu rola za meza zilizotumika zamani mahali pa foili ziliachwa kwenye mashine za kasi: zilivuta kwa ukali mno na kurusha rojo juu.

Kwa mashine kama yetu, panga hivi: ubao wa kuundia uwe bapa kabisa, foili za kwanza ziwe na mteremko wa digrii 0.5 hadi 1, za katikati 1.5 hadi 2, za mwisho zifike 3. Mkeka ukiwa mwembamba unachukuliwa kwa upole, ukiwa mnene unavutwa zaidi.

Foili ina kazi ya pili. Kila moja inapigapiga rojo kidogo, inavuta kisha inaachia, na mipigo hiyo inazuia nyuzi zisikamatane. Madonge hujiunda upya ndani ya sehemu ndogo ya sekunde pindi maji yakitulia. Unataka uso wa rojo uwe hai, wenye vijimawimbi vidogo vinavyofanana upana mzima, mpaka pale mkeka unaposhika. Ukiwa umelala kimya kama uji uliopoa, ujue madonge yanajiunda. Ukirusha matone hewani, umezidisha. Mtikiso ule wa mtengeneza karatasi wa mkono, kushoto na kulia, ulikuwa na kazi hiyohiyo, na baadhi ya mashine bado zina kifaa kinachotikisa rola ya mbele.

Zikague foili kila mashine inaposimama. Pitisha kucha kwenye ncha. Iliyolika au kupasuka inatupa mstari kwenye karatasi na inakula waya.

Hatua ya 6: Masanduku ya vakyumu na rola ya kuchi

Foili zikimaliza, mkeka una nyuzi asilimia 2 au 3 tu, na uzito wa maji peke yake hauyatoi tena. Sasa unavuta kwa hewa. Panda ngazi taratibu: masanduku ya kwanza kilopaskali 2 hadi 5, yanayofuata 10, kisha 20 hadi 25, na kuchi 50 au zaidi. Kila sanduku liwe kali kuliko lililotangulia. Ukiona sanduku la pili lina vakyumu kubwa kuliko la nne, mtu amegusa valvu.

Usidhani vakyumu zaidi ni bure. Inakandamiza waya juu ya masanduku, mota inakula umeme, waya unalika. Mkeka ukishaanza kupitisha hewa, nyongeza haileti kitu.

Mstari wa maji: jinsi ya kuusoma

Simama upande wa mwendeshaji, taa ikiwa ng'ambo. Uso wa rojo unang'aa kama sakafu iliyotoka kupigwa deki. Kisha, mahali fulani juu ya masanduku ya vakyumu, mng'ao unakatika na uso unakuwa wa kufifia. Mpaka huo ndio mstari wa maji. Uchore kwa chaki mahali ulipo siku mashine inapokwenda vizuri, kwenye fremu, pande zote mbili. Alama hiyo ya chaki imenisaidia kuliko skrini nyingi.

Mstari wote umesogea kuelekea kuchi: maji hayatoki vizuri. Rojo limesagwa zaidi, au limepoa, au hedboksi inapata maji mengi, au uzito umeongezeka, au waya umeziba. Mstari wote umerudi nyuma kuelekea mdomo: kinyume chake, na mara nyingi karatasi itakuwa na madonge, maana nyuzi zimeshika kabla hazijatawanyika.

Mstari umelala mshazari: upande mmoja unapata rojo jingi zaidi. Pima uwazi wa mdomo kwa geji, usiamini gurudumu. Ukiwa na meno kama msumeno, kuna uchafu mdomoni au ndani ya hedboksi. Ulimi mmoja mrefu uliotulia mahali pamoja, huku sehemu nyingine za mstari zikiwa sawa, ni mdomo uliopinda au uzi uliong'ang'ania. Ulimi unaohamahama kushoto na kulia ni mtiririko usiotulia ndani ya hedboksi yenyewe, kwa hiyo ukaguzi unaanzia kwenye bomba linaloilisha.

Ukiona mistari ya mlalo, mizito na myepesi ikipokezana, pima umbali kati ya mmoja na mwingine. Ikiwa ni sentimita 25 na mashine inakwenda mita 5 kwa sekunde, kuna kitu kinachopiga mara 20 kwa sekunde. Tembea na daftari utafute: mapanga ya pampu kuu, rota ya chekecheo, mtetemo wa bomba. Na tundu linalojirudia kwa umbali uleule, pima umbali huo: ukilingana na urefu wa waya, waya una kidonda, ukilingana na mzunguko wa rola fulani, umeshampata mkosaji.

Nyuzi zinazobaki na zinazokimbia

Chukua sampuli mbili kwa wakati mmoja, moja ya hedboksi na nyingine ya maji meupe chini ya waya. Zichuje, zikaushe, uzipime. Hedboksi ikiwa na gramu 6 kwa lita na maji meupe gramu 1.2, tofauti ni 4.8, ambayo ni asilimia 80 ya 6. Hicho ndicho kiwango cha kubakiza, na ndiyo ile 80 niliyoitumia kwenye hesabu.

Kikishuka, chokaa na vipande vidogo vinazunguka tu kwenye maji, vinaziba waya na felti (kitambaa cha presi), na upande wa juu wa karatasi unatofautiana zaidi na upande wa waya. Wanga wenye chaji chanya, poliakrilamidi na udongo wa bentonaiti huvikusanya vipande hivyo na kuvinatisha kwenye nyuzi. Dawa ikizidi, inakusanya na nyuzi pia, na madonge yanarudi kwa mlango wa nyuma. Panda kwa hatua ndogo, na kila hatua inua karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

Kuwasha mashine

Anza na mvua za kuosha waya kabla ya kitu kingine chochote. Waya wa plastiki ukiburuzwa mkavu juu ya masanduku unaungua na kulika. Uzungushe polepole, angalia rola ya kuongoza inaushika katikati, kisha kaza mvutano kwa kiwango alichotoa mtengenezaji wake. Zungusha maji matupu kwa pampu kuu hadi hedboksi itulie na joto lipande. Fikisha kasi ya kazi. Ndipo ufungue valvu ya rojo zito, polepole, huku mkeka wote ukishushwa kwenye shimo la kuchi ambako kikorogeo kinaurudisha kuwa rojo.

Fungua vakyumu kuanzia kuchi kurudi nyuma, na usubiri mstari wa maji utulie kwenye alama yako ya chaki. Weka sindano za maji za kukatia kingo. Sogeza moja yao ubakize utepe mwembamba, sentimita 20 hivi, uupitishe kwenye presi na madramu. Utepe ukishika, panua taratibu hadi upana wote. Mwenye pupa hapa atazoa karatasi mbichi kwa koleo hadi zamu iishe.

Mikono na pumzi

Pale rola mbili zinapokutana, au waya unapoingia kwenye rola, mkono haupelekwi. Uchafu ukionekana hapo, unaondolewa kwa maji ya bomba ukiwa umesimama mbali, au mashine inazimwa na kufungwa kufuli. Nguo ziwe zimebana, pete na kamba za shingoni ziachwe kwenye kabati.

Na usiingie kwenye tangi au shimo la rojo lililokaa siku kadhaa. Rojo likioza bila hewa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Ikiwa nyingi huiua pua kwanza, hivyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Pima hewa, pitisha upepo, awepo mtu juu ameshika kamba.

Mashine ikisimama kwa zaidi ya saa chache, mwaga hedboksi, osha mdomo wakati bado umelowa, na piga waya kwa maji ya presha upande wa ndani hadi yanayotoka yawe safi kabisa. Ute wa bakteria uliokauka kwenye kuta za hedboksi leo ndio utakaobanduka kesho kutwa saa nane usiku na kukata karatasi.